Skuta ya otomatiki, Cub ya cheni, 50 cc ya zamani au ya umeme: ipi haitanisumbua nikishainunua?

Nuru_K
Wakuu, habari zenu. Natafuta chombo cha magurudumu mawili cha kwendea kazini. Ni kilomita kama kumi na mbili kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Sehemu kubwa ni lami, ila kipande cha mwisho ni vumbi na mashimo, na kabla ya hapo kuna mlima mmoja mrefu. Siku nyingine nitambeba mdogo wangu nyuma. Bajeti ni ndogo, kwa hiyo nitachukua iliyotumika.

Nimebaki na hizi:

- skuta ya otomatiki ya 110 au 125 cc
- pikipiki ndogo ya aina ya Cub, ile ya gia za mguu isiyo na klachi ya mkono
- skuta ya zamani ya 50 cc, zile za kuchanganya oili na petroli. Hii ndiyo ya bei rahisi kuliko zote
- skuta ya umeme

Sijawahi kumiliki chombo cha moto. Pesa ya kununua nitaipata, hofu yangu ni gharama za huko mbele. Naomba ushauri wenu, hasa mafundi na wanaoziendesha kila siku.

Spana_Kumi
Dada Nuru, karibu. Mimi ni fundi, hizi zote zinapita mikononi mwangu isipokuwa za umeme, hizo nitawaachia wenyewe.

Hiyo ya 50 cc iondoe kwenye orodha. Siyo kwamba ni mbovu. Injini yake ni nyepesi, haina valvu, na fundi anaifungua asubuhi mchana unaondoka nayo. Lakini wewe una mlima na una abiria. Nyingi ya hizo zilitengenezwa kwa sheria za mopedi, na Ulaya kwa mfano mopedi ni 50 cc na mwendo usiozidi kilomita 45 kwa saa. Ukiipandisha mlima ikiwa na watu wawili itafanya kazi kwa nguvu zake zote mpaka juu, na hapo ndipo joto linapoiua. Tena inalainishwa na oili inayoungua pamoja na petroli. Oili ikiisha kwenye tangi lake dogo, au pampu yake ikigoma, pistoni inang'ang'ania ndani ya silinda na biashara imeishia hapo. Na ekzosi yake huziba masizi taratibu, mtu anadhani injini imechoka kumbe haipumui. Rahisi kuinunua, ndiyo, na sababu ya urahisi wake ni kwamba spea zake zinazidi kuadimika.

Shindano lako la kweli ni otomatiki na Cub. Hapo mimi nasimama na Cub, na sababu ni ule mlima na yale mashimo. Gurudumu la Cub ni la inchi 17, la skuta nyingi ni inchi 10 hadi 12. Shimo ambalo gurudumu kubwa linalipita juu juu, dogo linatumbukia. Na mlimani unapunguza gia moja, injini inapata nguvu, unapanda bila kuikamua. Klachi inajishika yenyewe, kwa hiyo mkono wa kushoto hauna kazi ya klachi, unakanyaga gia tu.

Halafu spea. Honda walianza kuuza Super Cub mwaka 1958 na kufikia 2017 walikuwa wameshatengeneza zaidi ya milioni 100. Makampuni mengine yameiga muundo ule kwa miaka mingi. Ni nadra fundi akuambie hajawahi kuifungua.

Mama_Helmeti
Fundi nakuheshimu lakini hapa sikubaliani nawe. Mafundi mnapenda Cub kwa sababu ni rahisi kwenu kuifungua. Anayeipanda ni yeye.

Nuru ni mgeni wa barabara. Kwenye skuta ya otomatiki unakaa, unavuta mafuta, unafunga breki, basi. Akili yote inabaki kwa magari yaliyo mbele yako. Sakafu ni bapa, mkoba unaweka katikati ya miguu, koti la mvua chini ya kiti. Mimi nimefundisha wadogo zangu kwenye otomatiki na hakuna aliyezima injini katikati ya makutano.

Na hiyo cheni mbona huisemi? Vumbi likishika cheni iliyopakwa oili linakuwa msasa. Kuisafisha, kuipaka, kuikaza, kila baada ya muda mfupi. Mkanda wa skuta uko ndani ya kasha, unaufikiria mara moja baada ya maelfu ya kilomita.

Spana_Kumi
Mama, la mgeni wa barabara nakubali, na la mkoba pia. La mkanda ngoja nilieleze vizuri ili Nuru ajue anachonunua.

Ndani ya kasha la kushoto la skuta kuna puli mbili na mkanda. Puli ya mbele ina rola sita ndani yake. Injini ikizunguka kwa kasi, rola zinasukumwa nje, puli inabana, mkanda unapanda, skuta inabadili uwiano bila gia. Ni ufundi mzuri sana ukiwa mzima. Vinavyokwisha ni vitatu: mkanda, rola, na viatu vya klachi ya nyuma. Rola zikichakaa zinakuwa na upande bapa badala ya kuwa duara, na skuta inaanza kuondoka kwa kusitasita. Viatu vya klachi vikiungua inatetemeka pale unapoanza kutoka. Mkanda ukiliwa, injini inapiga kelele nyingi kuliko mwendo unaoupata.

Fundi mzuri akifungua kasha hautazami mkanda kwa macho peke yake. Anaupima upana, analinganisha na kipimo cha chini kilichoandikwa kwenye kitabu cha skuta hiyo, anaukunja kinyume aone kama una nyufa kwenye meno. Muda wa kuubadilisha unategemea aina, nyingi ziko kati ya kilomita 10,000 na 25,000. Shida ni hii: cheni iliyolegea inakupigia kelele wiki nzima kabla haijakuangusha. Mkanda unaweza kukatika ghafla, na ukikatika umesimama hapo hapo. Kwa hiyo anayenunua skuta iliyotumika bila historia ya mkanda, ahesabu kabisa kwamba atanunua mkanda na rola wiki ya kwanza. Aiweke hiyo pesa pembeni kabla ya kupatana bei.

Mlima_Mrefu
Mmeongelea kupanda, mimi naongelea kushuka. Huo mlima atauteremka kila siku akirudi.

Otomatiki injini inashika kidogo tu ukiachia mafuta, na mwendo ukipungua sana klachi inaachia kabisa, unabaki na breki peke yake. Ukiwa na abiria, breki za nyuma za ngoma (zisizo za diski) zinapata moto na zinalegea. Cub unashusha gia, injini yenyewe inakuzuia. Hili kwangu ndilo lililoamua. Ukichukua otomatiki hakikisha mbele ina diski, na ile oili ya breki ibadilishwe kila miaka miwili kwa sababu inanyonya unyevu hewani.

Volti_72
Naona umeme umesahaulika. Kwa kilomita 24 kwa siku ndicho chombo kinachomfaa hasa. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna valvu, hakuna kabureta. Kinachobaki ni tairi, breki na beringi.

Lakini Nuru, ya umeme iliyotumika usinunue skuta, nunua betri. Nina maana kwamba bei yote iko pale. Piga hesabu hivi: betri ya volti 72 na Ah 20 (saa-ampea), ukizidisha, ina Wh 1,440 (saa-wati), yaani umeme inaoubeba. Skuta ndogo hula Wh 30 hadi 40 kwa kilomita, kwa hiyo ikiwa mpya utapata kama kilomita 36 hadi 48. Toa mlima, toa abiria, toa uzee wa betri. Kama betri imebaki na nusu ya uwezo wake, safari yako ya kwenda na kurudi haitoshi.

Uliza kwanza ni ya risasi au ya lithiamu. Za risasi ni nzito, na zikimalizwa chaji kila siku huchoka baada ya mizunguko mia chache. Lithiamu, hasa ile ya fosfeti ya chuma, huenda zaidi ya elfu moja ikitunzwa. Kuijaribu usizunguke uwanjani. Ichaji ijae, panda nayo mlima halisi, angalia volti kwenye dashibodi. Ikiporomoka sana ukiongeza mwendo na kurudi juu ukiachia, betri imechoka, hata kama muuzaji anaapa. Na ukiinunua, tumia chaja yake tu, na usiichaji kwenye njia ya kutokea nyumbani wakati watu wamelala.

Nuru_K
Volti nashukuru, ila ninapoishi niko ghorofa ya tatu na chini hakuna soketi. Kama betri haitoki, hiyo ya umeme imeshakufa kwangu.

Swali lingine: nimeambiwa oili ni oili, nichukue yoyote ya bei nafuu. Kweli?

Oili_Safi
Si kweli, na kwa mashine unazolinganisha hapa ndipo mtu anapoharibu klachi.

Cub klachi yake inaogelea ndani ya oili ya injini. Inataka oili yenye alama ya JASO MA mgongoni mwa chupa, ambayo haiifanyi klachi iteleze. Skuta ya otomatiki klachi yake ni kavu, iko nyuma kwenye kasha la mkanda, kwa hiyo inaweza kutumia JASO MB, iliyo laini zaidi. Ukiweka MB kwenye Cub klachi inaweza kuanza kuteleza. Oili ya gari usiitie kwenye Cub kwa sababu hiyo hiyo. Unene wa kawaida ni 10W-30 au 10W-40, soma kitabu.

Injini hizi hubeba chini ya lita moja, nyingi ni kati ya 0.7 na 0.9. Ikipungua robo lita tu ni janga, kwa hiyo chomoa kijiti uitazame kila unapojaza petroli mara ya pili au ya tatu. Na skuta ya otomatiki ina oili nyingine kwenye gia za gurudumu la nyuma, kiasi kidogo tu, mililita mia na ushee. Watu wanaisahau mpaka beringi zinaanza kuimba.

Kwa vumbi lako hilo, filta ya hewa ndiyo roho ya injini. Isafishwe au ibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Mama_Helmeti
Ongezea la kuwasha. Yenye kabureta na kiki inawaka hata betri ikiwa hoi. Ya injekta inakula mafuta kidogo na asubuhi ya baridi haisumbui, lakini betri ikifa kabisa nyingi zinagoma. Nuru kama utakaa wiki nyingi bila kuitumia na ni ya kabureta, fungua skrubu ya chini ya kabureta umwage petroli iliyobaki, isije ikaganda na kuziba jeti, yale matundu madogo ya petroli.

Nuru_K
Nimepata mbili za kwenda kuangalia. Moja otomatiki ya 125, moja aina ya Cub ya 110, ya kabureta. Spana, nikifika nitazame nini? Siendi na fundi, wa kwetu hapatikani kabla ya jioni.

Spana_Kumi
Basi nenda jioni, na uende naye. Lakini haya unaweza mwenyewe.

Mwambie muuzaji kabla hujafika asiiwashe. Ukifika shika silinda kwa mgongo wa kiganja. Ikiwa ya moto, ameipasha, na mtu hupasha mashine ambayo haiwaki ikiwa baridi. Kaa urudi baadaye, au ondoka.

Ikiwaka tazama moshi. Mvuke mweupe unaopotea si neno. Moshi wa bluu usiokoma ni oili inaungua, yaani ringi au valvu. Moshi mweusi ni petroli nyingi, hiyo mara nyingi ni kabureta au filta, inatibika.

Weka stendi kubwa, mtu akandamize nyuma gurudumu la mbele linyanyuke, kisha zungusha usukani polepole toka upande hadi upande. Ukihisi unanasa katikati, beringi za usukani zimekwisha. Shika tairi lisukume kushoto na kulia, lisicheze.

Kwenye ubavu wa tairi kuna namba nne za mwisho za DOT. 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu lenye kashata nzuri bado ni kuukuu, mpira unakuwa mgumu na mvua ikinyesha haushiki.

Namba ya chesisi isome kwenye chuma chenyewe, si kwenye karatasi, halafu ilinganishe na kadi. Ikiwa imekwaruzwa au imepigwa upya, usipatane bei kabisa.

Ya otomatiki, iondoe polepole mara kadhaa usikie kama inatetemeka. Ya Cub, vuta cheni kwa nyuma kwenye sproketi kubwa, lile gurudumu la meno. Ikiachana na meno sana, utanunua cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, usikubali kubadilishiwa cheni peke yake.

Nuru_K
Nimerudi. Otomatiki silinda ilikuwa ya moto, na muuzaji hakujua mkanda ulibadilishwa lini. Ya Cub ilikuwa baridi, imewaka kiki ya pili, moshi hakuna, namba zinalingana. Cheni imelegea na tairi la nyuma ni la zamani, bei ameshusha kwa hayo mawili. Fundi amekuja akaipanda, amesema nichukue. Kesho naenda na pesa.

Mama_Helmeti, najua ulitaka ile nyingine. Mkoba nitautafutia boksi la nyuma.

Mama_Helmeti
Mwanangu umefanya vizuri, ya moto ungeilipia mara mbili. Boksi lifungwe kwenye keria ya chuma, siyo kwa kamba. Na siku mbili za kwanza usimbebe mdogo wako, izoee breki ukiwa peke yako.

Spana_Kumi
Ukishaichukua: oili mpya ya JASO MA, plagi, filta ya hewa, tairi la nyuma, cheni na sproketi. Vyote kabla hujaipeleka kwenye ule mlima. Cheni ikae na mchezo wa sentimita 2 hadi 3 katikati, ipimwe ukizungusha gurudumu sehemu kadhaa, maana haichakai sawasawa. Ukitaka, weka picha ya plagi ya zamani hapa ikitolewa. Rangi yake itatuambia kabureta imerekebishwaje.