Kuivika upya Super Cub: dopu, Poly-Fiber au Oratex?

Mrukaji_Laikipia: Wenzangu, nina Super Cub, ndege ndogo yenye kiunzi cha mirija ya chuma kinachofunikwa kwa kitambaa, ambayo imekwisha kuvuliwa kitambaa chote, na mwezi ujao natakiwa kuagiza vifaa vya kuivika upya. Nimebaki na njia tatu: Ceconite (kitambaa cha poliesta) kwa dopu ya kale, yaani rangi ya kupaka juu ya kitambaa; Poly-Fiber, mfumo wa poliesta wenye gundi na rangi zake; au Oratex, kitambaa ambacho huja na rangi yake na haihitaji kupuliziwa chochote. Naomba ushauri wa waliozitumia, kwa kuwa gharama ya usafirishaji hainiruhusu kukosea.

FundiMirija: Ndugu, umeuliza bei ya nguo bila kumtaja mvaaji. Ndege ina cheti cha kiwandani au umeijenga mwenyewe? Italala ndani ya hanga au juani? Kwenye ndege yenye cheti, kitambaa, gundi, rangi na mwongozo huidhinishwa kwa pamoja, kwa hiyo huwezi kuchukua hiki cha mfumo mmoja na kile cha mwingine. Tena hukusema mirija ya chuma imepakwa nini. Viyeyusho vya gundi hizi huikunjamanisha rangi ya msingi ya kawaida. Inatakiwa epoksi ya kuchanganya sehemu mbili.

Mama_Rubani: Poly-Fiber, wala sisiti. Gundi yake ukiipaka kiyeyusho huachia, nawe ukabandua na kuanza upya. Hata ukitobolewa na mwiba porini, kiraka hakikusumbui.

Sindano_na_Uzi: Mimi naomba niseme juu ya dopu, maana iliniumiza. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka ndege yangu kwenye karakana moja ambayo sitaitaja, wakaivika poliesta na kupaka dopu ya butireti moja kwa moja bila kutanguliza dopu ya naitreti, kwa hoja kwamba naitreti hushika moto upesi. Kuhusu moto walisema kweli. Lakini nyuzi za pamba hufyonza dopu, ilhali za poliesta hazifyonzi. Tabaka la kwanza halina budi kuzizunguka nyuzi na kuzishika, na kazi hiyo butireti haiiwezi. Msimu wa kwanza ndege iling'aa kama sahani mpya. Msimu wa pili ulitokea ufa mdogo nyuma ya tangi la kushoto, na siku moja nilipokuwa nikiiosha vumbi, rangi ya upana wa gazeti ilibanduka nzima mkononi mwangu, tabaka la rangi ya fedha likiwa limeng'ang'ania upande wake wa ndani, kitambaa kikabaki cheupe kama sanda. Nililipia kuvikwa, nikalipia kuvuliwa, kisha nikalipia kuvikwa tena.

Kishada: Ndiyo sababu nasema Oratex. Hakuna kupulizia, hakuna barakoa, na uzito unapungua. Kwenye kiwanja kifupi kila kilo ina maana.

Mama_Rubani: Barakoa hata mimi sivai ninapotumia brashi, milango ikiwa wazi.

FundiMirija: Dada, mvuke wa viyeyusho hivyo hauulizi umeshika brashi au bomba la kupulizia, na ukifikia rangi za poliyurethini utahitaji hewa safi inayoletwa kwa mpira kutoka nje. Turudi kwenye jua letu la ikweta. Poliesta haiozi kama pamba, ila miale ya urujuanimno huila, na kinga yake ni tabaka lenye unga wa alumini. Usiku weka taa ndani ya bawa. Ukiona mwanga unapenya, ongeza tabaka. Na pasi ya kukazia kitambaa ipimeni kwa kipimajoto, msiamini kitufe chake: kukaza kwa kwanza ni kama nyuzi 120 za Selsiasi, kwa mwisho 177, na ukizidisha sana kitambaa hulegea moja kwa moja.

Sindano_na_Uzi: Msisahau kukishona kitambaa kwenye mbavu, vile vipande vya ndani vinavyolipa bawa umbo. Gundi peke yake haitoshi, kwani kitambaa cha juu ya bawa huvutwa kwenda juu wakati wote wa kuruka.

Kishada: Kushona ni ushamba wa enzi za vita, siku hizi kuna riveti.

Sindano_na_Uzi: Riveti hutoboa ubavu, uzi hauutoboi. Fuata alivyofanya mtengenezaji, kwa nafasi zilezile.

Mrukaji_Laikipia: Samahani kwa kuchelewa. Ndege ina cheti, na hulala nje, chini ya mgunga. Kuhusu mirija, leo asubuhi nimepangusa kona moja kwa kitambaa chenye kiyeyusho, na rangi ya kijani imetoka yote hadi chuma kikaonekana. Je, kupulizia mchanga wa kusafishia huharibu mirija myembamba?