MJADALA: Je, ni kweli kwamba chai nzuri yote huenda ng'ambo na Mkenya huachiwa makapi?

Hoja hii huzuka upya kila mwaka bonasi za wakulima wa chai zinapotangazwa karibu na mwezi Oktoba. Kenya huuza nje zaidi ya asilimia 90 ya chai inayozalisha, lakini mwananchi anayenunua pakiti dukani amekwisha kuamini kwamba kinachoingia kwenye kikombe chake ni mabaki ya wengine. Wachangiaji walionitangulia wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja unataka sheria itakayokilazimisha kila kiwanda kitenge sehemu ya chai yake ya daraja la juu kwa ajili ya soko la ndani. Upande wa pili unajibu kwa kejeli kwamba hata tukitengewa chai hiyo tutaichemsha kwenye sufuria ya maziwa, tuitie tangawizi na sukari vijiko vitatu, na mwishowe tusijue tumekunywa nini. Siungi mkono upande wowote kati ya hizo mbili, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na hicho kinachoitwa makapi. Majani mawili na chipukizi yanayochumwa Nyeri, Kericho, Kisii au Meru yakifika kiwandani hunyaushwa kwa saa kadhaa, halafu hupitishwa katikati ya magurudumu ya chuma yenye meno, ambayo huyakata, huyararua na kuyaviringisha mpaka yawe punje. Mtambo huo, ambao watu wa viwandani huuita kwa herufi zake CTC, ulibuniwa Assam nchini India mnamo 1930, na ndio unaotegemewa na karibu viwanda vyote vya wakulima wadogo wa Kenya. Punje huachwa zichachuke, hukaushwa, kisha huchekechwa. Chekecheke ndiyo inayozipa majina: zilizo kubwa ni BP1, zinazofuata ni PF1, kisha PD, na zilizo ndogo kabisa ni D1. Zote nne zinaweza kuwa zimetoka katika kikapu kimoja cha mkulima mmoja siku moja. Udogo wa punje hauonyeshi kwamba jani lilikuwa baya, bali unaonyesha kwamba chai itatoa rangi na ukali wake upesi zaidi ikikutana na maji moto, na ndiyo maana kwenye mnada wa Mombasa si ajabu kuona D1 ya kiwanda chenye sifa ikiuzwa kwa bei inayolingana na PF1 au hata kuipita. Misri, ambayo ni miongoni mwa wanunuzi wetu wakubwa, hupenda sana hiyo chai ya punje ndogo, nayo hainunui kwa sababu ya umaskini wala kwa kutojua.

Hata hivyo, makapi ya kweli yapo, na sitaki kuwatetea wasiostahili kutetewa. Wakati wa kusafisha chai, kiwanda hutoa pia madaraja ya pili, yenye nyuzi nyingi na vipande vya mabua, na hayo huuzwa kwa bei ya chini kabisa. Mpakiaji anayetaka pakiti ya bei rahisi anaweza kuyachanganya na chai nzuri kidogo, akapata kitu chenye rangi lakini kisicho na ladha. Asiyeamini na amwage kijiko kimoja cha majani juu ya karatasi nyeupe, mahali penye mwanga. D1 nzuri huwa nyeusi inayokaribia kung'aa, punje zake zikiwa sawasawa na nzito kiasi cha kuviringika ukiinamisha karatasi. Chai iliyojaa nyuzi huonekana ya hudhurungi, ina vipande virefu kama vya nyasi kavu, na ukiipuliza kidogo tu inapeperuka. Tofauti hiyo haihitaji mwonjaji wa mnadani kuiona, na mama anayeuza chai kwenye kituo cha matatu anaijua vizuri kuliko wengi wetu tunaobishana hapa, maana yeye chai mbaya humtia hasara moja kwa moja: humlazimu kuongeza majani kwenye sufuria ili wateja waone rangi, kisha inapokaa ndani ya chupa mpaka saa nne asubuhi inakuwa chungu.

Sasa niwajibu wanaotucheka kwa sababu ya maziwa. Mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya kwa miaka mingi amekuwa Pakistan, na Wapakistani wengi huipika chai kwenye maziwa, pamoja na sukari, vilevile kama inavyopikwa katika nyumba nyingi za Kiambu na Bomet. Waingereza, ambao chai yetu huingia katika michanganyiko yao ya kila siku, nao hutia maziwa. Hata kanuni ya kimataifa ya kuandaa chai kwa ajili ya kuonjwa, yaani ISO 3103, inayotaka gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka na kuachwa kwa dakika 6, inaruhusu chai ionjwe ikiwa na maziwa au bila maziwa. Chai ya CTC ni chai kali, na kuna sababu ya kikemia ya maziwa kuifaa: protini ya maziwa hushikana na vile vitu vinavyokaza ulimi, na kinachobaki ni utamu mzito. Chai dhaifu ndiyo inayozamishwa na maziwa ikapotea. Kwa hiyo, ikiwa mtu anakunywa chai ya maziwa, yeye ndiye hasa anayehitaji majani mazuri, na hoja kwamba mapendeleo yetu hayastahili daraja la juu inapaswa kugeuzwa kichwa chini miguu juu.

Kwa upande wangu, mimi hunywa chai ya rangi, bila sukari, yenye iliki mbili zilizopondwa, na nyumbani huambiwa nina tabia za watu wa Mombasa. Nakiri kwamba katika chai ya aina hiyo hakuna pa kujificha, kwa sababu ikiwa majani yamekaa ghalani muda mrefu au yamepakiwa karibu na sabuni dukani, utajua kabla hujameza. Lakini hayo ni mapendeleo yangu, hayanipi ruhusa ya kumwambia jirani kwamba anapoteza chai.

Wanaotaka sheria ya kutenga sehemu ya chai kwa ajili yetu, nawaomba wakumbuke kwamba serikali imekwisha kuliendesha soko hili kwa amri. Kabla ya soko la ndani kufunguliwa mnamo 1992, kampuni moja tu, Kenya Tea Packers, ndiyo iliyopakia chai ya kuuzwa nchini, kwa bei iliyopangwa. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka kwamba mnunuzi hakuwa na pa kwenda ikiwa hakuipenda. Karibuni zaidi, Julai 2021, ikawekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya wakulima wadogo mnadani. Nia ilikuwa njema, nayo ilikuwa kumlinda mkulima, lakini wanunuzi waliiacha chai ambayo kwa maoni yao haikufikia thamani hiyo, na magunia yakarundikana katika maghala ya Mombasa, huku majani yakizidi kuzeeka. Chai haihifadhiki kama dhahabu. Sheria ya kutenga daraja la juu kwa soko la ndani ingemwangukia mkulima vilevile, kwa sababu hakuna aliyejibu swali la nani atakayefidia tofauti ya bei ikiwa Mkenya atashindwa kulipa kile ambacho mnunuzi wa Karachi yuko tayari kulipa. Zaidi ya wakulima laki sita wanaopeleka majani kwenye viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, hawawezi kuombwa watuchangie kikombe cha asubuhi.

Kinachotukosesha chai nzuri, kwa maoni yangu, ni kwamba hatuambiwi tunachonunua. Gunia linaloingia mnadani Mombasa lina alama ya kiwanda, daraja, nambari ya shehena na uzito. Dalali analijua, mwonjaji analijua, mnunuzi aliye Cairo anajua kwamba amenunua PF1 ya kiwanda fulani cha Kirinyaga na si ya jirani yake. Chai hiyohiyo ikishapita kwa mpakiaji na kuwekwa kwenye pakiti ya gramu 50 ya kuuzwa Kayole au Kisumu, habari hizo zote hufutika, na tunabaki na picha ya mlima, kikombe chenye mvuke na maneno ya kusifu. Hatujui ni ya mashariki au magharibi ya Bonde la Ufa, ingawa wakulima wenyewe wanaijua sana tofauti hiyo kwa sababu wanaiona kwenye bonasi zao. Mara nyingi tarehe pekee iliyo wazi ni ile ya mwisho wa kutumika, ambayo haisemi lolote kuhusu siku jani lilipochumwa. Katika hali hiyo mnunuzi ana kipimo kimoja tu, ambacho ni bei, na mpakiaji mwaminifu hana njia ya kumthibitishia kwamba shilingi kumi za ziada zimeingia kwenye majani na si kwenye karatasi.

Tazameni jambo moja linalotokea tayari. Viwanda vingi vya wakulima huuza pakiti zao langoni, zenye jina la kiwanda, na watu wanaopitia barabara hizo husimama kununua. Mtu wa Murang'a anayeishi Nairobi akienda kwao hurudi na kilo kadhaa, akawagawia majirani, na kila mmoja wao ana maoni makali kuhusu kiwanda chake na kile cha ng'ambo ya mto. Sijawahi kusikia ubishi wa namna hiyo kuhusu pakiti za kawaida za dukani, kwa kuwa hakuna cha kubishania. Tunapoambiwa kwamba Wakenya hawajali ubora wa chai, tujiulize wameonyeshwa nini mpaka wajali.

Pingamizi kubwa la wapakiaji nalijua, nalo lina uzito. Wanasema kwamba majani ya kiangazi na yale ya msimu wa mvua hayatoi kikombe kimoja, kwa hiyo wao huchanganya chai za viwanda vingi ili ladha isibadilike mwaka mzima, na mteja akizoea chapa fulani asije akashtuka. Ni kweli, na mtu anayependa ladha moja isiyobadilika ana haki ya kuipata. Lakini kuchanganya hakumzuii mtu kutaja alichochanganya. Inatosha kuandika madaraja yaliyomo, sehemu za nchi zilikotoka na mwezi wa kupakia. Wanaosema kwamba mnunuzi wa kawaida hataelewa herufi kama PF1 wanasahau kwamba mnunuzi huyohuyo amejifunza tofauti za mchele, za unga wa mahindi na za maharagwe, tena bila semina yoyote.

Niguse pia suala la chai ya zambarau, yaani ya mchai wenye majani ya rangi hiyo, kwa kuwa mchangiaji mmoja ameitaja kama dawa ya matatizo yote. Aina ya TRFK 306 ilitolewa kwa wakulima mnamo 2011 na watafiti wa Kericho, na wakulima waliambiwa ingewaletea bei nzuri. Wengi waliipanda, kisha wakakuta kwamba kiwanda chao hakikuwa na njia ya kuisindika peke yake, kwa hiyo majani yakachanganywa na mengine na kulipwa kwa bei ileile. Na hata ingesindikwa vizuri, ni chai inayofaa kunywewa bila maziwa, kwani ukiitia maziwa rangi yake huharibika. Nchi ambayo watu wake hunywa chai ya maziwa asubuhi, saa nne na jioni haitageuka kwa sababu ya kichaka kipya. Iuzwe kwa wanaoitaka, na wapo, ila isitumike kukwepa swali la pakiti.

Kuna ndugu wa Tanzania aliyeuliza iwapo haya yanamhusu, hasa sasa ambapo mnada wa Dar es Salaam umekwisha kuanza tangu Novemba 2023 na chai ya Mufindi na Rungwe hailazimiki tena kupitia Mombasa. Naona yanamhusu zaidi. Mnada ulio karibu humsaidia mpakiaji wa ndani kuona chai mapema na kuinunua bila gharama ya kuifuata mbali, lakini ikiwa pakiti itaandikwa kwa ujumla tu kwamba ni chai ya Tanzania, mnywaji wa Mwanza atabaki hajui kama anakunywa ya Lupembe au ya Usambara, na hataweza kusema anapenda ipi.

Kwa hiyo naomba wachangiaji wanaofuata waachane na swali la kama tunastahili chai nzuri, wajibu hili lililo finyu zaidi: ikiwa taarifa za kiwanda, daraja na shehena zinapatikana bila gharama mpya kwenye kila gunia linaloondoka kiwandani, ni kwa sababu gani ya kibiashara zisiandikwe nyuma ya pakiti ya gramu 50? Ningependa hasa kumsikia mtu aliyewahi kufanya kazi katika upakiaji, na atuambie pia ni kiasi gani cha chai ya nyuzi kinachoingia kwenye pakiti za bei ya chini.