Loji inayojiita rafiki wa msitu wa Udzungwa inawalisha ngolaga chapati na kuchoma magogo mabichi

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nikiwa na hasira, na naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo haya.

Mimi ni mzaliwa wa kijiji kimojawapo chini ya Milima ya Udzungwa, kando ya barabara ya kutoka Kidatu kwenda Ifakara. Mwezi uliopita niliwapeleka wafanyakazi wenzangu watatu wakalale siku mbili katika loji iliyo ukingoni mwa hifadhi, ambayo sitaitaja jina hapa. Tangazo lake linajinadi kwa utalii unaohifadhi mazingira, na linaahidi kwamba kila mgeni anayelala pale anachangia kuulinda msitu na kuwainua wanakijiji.

Asubuhi ya kwanza, tukiwa tunakunywa chai, kundi la ngolaga, aina ya kima wa msituni, lilishuka hadi barazani. Mhudumu alitoa sahani ya chapati za jana pamoja na ndizi, akawaambia wageni waandae simu zao. Jike mmoja, mtoto akiwa amemng'ang'ania tumboni, alikuja akapokea kipande cha chapati kutoka mkononi mwa mgeni, na watu wakapiga makofi. Ngolaga wa Sanje hapatikani popote duniani isipokuwa katika milima hii, na wanasayansi walikuja kumtambua mwaka 1979 tu. Ni mnyama anayeshinda chini akipekua majani makavu kutafuta mbegu na wadudu. Ukishamzoesha mkono wa binadamu, unamwambukiza mafua yako na kumfundisha kwamba palipo na watu pana chakula, na wageni wakiondoka anahamia kwenye migomba ya mama yangu, ambaye haruhusiwi kumgusa na hana wa kumlipa fidia. Nilipolalamika, niliambiwa kwamba wageni wanapenda.

Jioni yake nilikasirika zaidi. Uliwashwa moto mkubwa uani, ukawaka hadi karibu saa sita usiku, na hapakuwa na kitu chochote kilichopikwa juu yake. Nilisogea nikayatazama magogo: gome lilikuwa bado kijani kwa ndani, na kwenye ncha maji yalikuwa yakitoka yakichemka kwa povu. Huo ni mti uliokatwa ukiwa hai. Nilipouliza umetoka wapi, nilijibiwa kwamba kuni huwa "zinaletwa na kijana".

Naomba wasioijua Udzungwa waelewe kwa nini jibu hilo liliniuma. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1992, vijiji vya chini viliendelea kwa miaka mingi kuruhusiwa kuingia kwa siku zilizopangwa kuokota kuni zilizokauka. Ruhusa hiyo ilifutwa mwaka 2011, kwa sababu msitu ulikuwa unaumia, na mimi sipingi uamuzi huo. Ila waliobeba gharama yake ni akina mama. Mama yangu sasa anapikia jiko la pumba za mpunga: kila siku anasimamisha chupa katikati ya jiko, anashindilia pumba kuizunguka, anaichomoa taratibu ili tundu lisibomoke, na pumba zikiwa na unyevu anapika huku machozi yanamtoka kwa moshi. Anafanya hivyo ili msitu upone, halafu mfanyabiashara anayeuza jina la msitu huohuo anateketeza magogo mabichi kwa ajili ya picha!

Kwenye risiti yetu kulikuwa na shilingi 20,000 kwa kila mtu kwa kila usiku, zilizoandikwa "mchango wa uhifadhi na jamii". Kwa watu wanne na siku mbili, hizo ni 160,000. Mhudumu wa mapokezi hakuweza kunitajia kijiji hata kimoja kilichopokea fedha hizo, na mwenyekiti wa kijiji chetu, niliyemfuata nyumbani kwake, aliniambia kwamba tangu aingie madarakani hajawahi kuona hata shilingi moja kutoka loji hiyo.

Nimewaandikia wenye loji mara mbili nikiwataka waache kulisha wanyama, waeleze kuni zao zinatoka wapi, na waonyeshe hesabu za mchango huo. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa kunipa punguzo la asilimia kumi nitakaporudi. Jumatatu napeleka picha za magogo na nakala ya risiti kwenye ofisi ya hifadhi Mang'ula, na kama kuna mwenzetu humu aliyelipishwa mchango wa namna hiyo katika loji za ukanda ule, namwomba anitumie nakala ya risiti yake kabla ya siku hiyo.