Tupeane uzoefu: gari la haibridi au la umeme kwa safari za kazini, Mtwara na Lindi

Wakuu, salamu. Naishi Mikindani, kazi yangu iko mjini, kama kilomita 11 kwenda na 11 kurudi. IST yangu inanipa kilomita 13 kwa lita, na tuchukulie lita ya petroli ni shilingi 3,000. Nimeoneshwa Aqua, gari la haibridi (injini ya petroli inasaidiana na mota ya umeme), mwenyewe anaapa inampa 20. Kabla sijauza IST naomba uzoefu wenu wa huku Kuchele, yaani Mtwara yetu. Ya Masaki nimeshayasoma.

Mwalimu wa Ligula: Hiyo 20 ni kweli, mwaka wa nne huu naiendesha. Pedi za breki sijabadili hata mara moja, maana ukiachia mafuta gari linajizuia lenyewe huku likichaji. Sasa sikia upande wa pili. Betri kubwa iko chini ya siti ya nyuma, inapozwa kwa feni, na tundu la kuvutia hewa liko hapohapo miguuni mwa watoto. Wanangu wamelilisha mchanga wa ufukweni, maganda ya korosho na nywele za mwanasesere. Siku moja taa nyekundu ikawaka, gari likakosa nguvu kabisa. Fundi alitoa uchafu wa kujaza kikombe. Tangu hapo nasafisha kila baada ya miezi miwili, na siti ya nyuma hakai mtu na chakula.

Mhasibu Chikongola: Mleta mada, chukua kalamu. Weka kilomita 600 kwa mwezi pamoja na za sokoni na msibani. IST inakunywa lita 46, yaani 138,000. Aqua lita 30, yaani 90,000. Unaokoa 48,000 kwa mwezi, 576,000 kwa mwaka. Mimi betri niliambiwa milioni mbili na laki nne. Hiyo ni akiba ya miaka minne na ushee, na bado hujalipa tofauti ya bei ya gari. Kwa kilomita zako mkuu, unataka gari jipya tu, sema ukweli.

Mama wa Shangani: Mimi nina Leaf, gari la umeme tupu, ya betri ndogo, ile ya kilowati-saa 24. Ilikuja na baa 9 kati ya 12, yaani vile vijistari vya kwenye dashibodi vinavyoonyesha uzima wa betri. Nikiwa na AC napata kilomita 80 hivi, kwenda kazini Naliendele na kurudi hainisumbui. Lindi siendi nayo, napanda basi kama kila mtu.
Gharama: kilomita 100 zinakula uniti 17 hivi. Ila hili hakuna aliyeniambia: nyumbani tulikuwa kwenye ile bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Nilipoanza kuchaji tukavuka, tukahamishiwa bei ya kawaida, shilingi 350 na kitu kwa uniti pamoja na kodi. Kwa hiyo friji na pasi navyo vikapanda bei! Hata hivyo kilomita moja inanitoka shilingi 60, wakati IST yako inakula 230.
Soketi ya ukutani iliyeyuka wiki ya kwanza. Vuteni laini yake peke yake kutoka kwenye meni, waya mnene.

Dereva bajaji Magomeni: Umeme wenyewe unafuliwa kwa gesi ya Msimbati, kwa hiyo mama anatembelea gesi yetu kimyakimya 😂

Wa Mnazi Mmoja, Lindi: Haibridi yangu ilikufa betri Aprili 2024. Nikaagiza Dar. Mwezi wa tano kimbunga Hidaya kikakata barabara kule Somanga, betri ikabaki upande wa pili. Nilikwenda kazini kwa bodaboda wiki tatu. Gari linaloanza na ufunguo tu fundi wa kijiweni angelifufua, hili alilizunguka mara mbili akaomba maji ya kunywa.

Fundi haibridi: Ndugu wa Lindi pole. Wakuu, betri ya Aqua ina moduli 20, yaani vipande 20 vilivyounganishwa. Ikifa moja mtu atakwambia tubadili hiyo moja. Ni rahisi, lakini zilizobaki ni za umri uleule, miezi michache unarudi na nyingine. Halafu ukisafiri wiki mbili ukalikuta haliwaki, usikimbilie kulia: mara nyingi ni betri ndogo ya volti 12. Na barabara kuu ukienda 100 mfululizo, injini ndiyo inayovuta, usitegemee ile 20 ya mjini. Kabla ya kununua, pimeni kila moduli kwa mashine. Msipime kwa maneno ya muuzaji.

Mleta mada: Mhasibu umenivua nguo hadharani, ni kweli nataka gari jipya. Fundi, muuzaji kakubali lipimwe. Jumamosi saa tatu uko kijiweni?

Fundi haibridi: Nipo. Mje na gari likiwa la baridi, lisiwe limetoka kutembea.