Naomba ushauri: diski yangu inakata kushoto kila mara, na watu wanapita katikati ya uwanja

Mama Wawili (Kisumu)

Wenzangu, habari za jioni. Kwenye uwanja wa mtaa wetu vijana wamesimamisha vikapu sita vya gofu ya diski. Unarusha kisahani kutoka alama ya kuanzia, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena mpaka kiingie kwenye kikapu chenye minyororo. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Kikapu cha karibu ni hatua 40, cha mbali kama 75. Hakuna kiingilio. Naenda na watoto wangu, wa miaka 9 na 13, na sijapata mchezo mwingine ambao sote watatu tunacheza bila mmoja kukaa pembeni.

Shida ni kwamba diski yangu inatoka vizuri, halafu mwishoni inakata kushoto. Nikiongeza nguvu, yaleyale. Kijana wangu mkubwa ni wa mashoto, yake inakata kulia. Jamaa mmoja ameniambia ninunue zile za kwenda mbali, zenye ukingo mkali. Ninunue? Halafu, kikapu cha nne kiko ng'ambo ya kijia cha watu wanaotoka sokoni. Naogopa kumgonga mtu.

Wa Lanet

Dada, usinunue. Jibu umelitoa mwenyewe: wewe kushoto, mwanao wa mashoto kulia. Diski ya mkono wa kulia, ukiivuta kutoka kifuani, huzunguka kama mishale ya saa, na mwendo ukipungua hulala kushoto. Ya mashoto huzunguka kinyume. Mkono wako hauna kasoro. Lenga kulia kwa kikapu, uiache irudi yenyewe.

Zile za ukingo mkali zinataka kasi ambayo anayeanza hana, na bila kasi hiyo hukata mapema zaidi. Tafuta diski ya kutumbukizia, yenye ukingo butu. Ya watoto iwe nyepesi, gramu 150 hivi. Mimi nilicheza na moja tu karibu mwaka mzima kabla ya kuongeza ya pili, na sijutii.

Angalia pia ukingo wa mbele wakati unaachia. Ukiinuka, diski itapanda, itasimama hewani, kisha itadondoka kushoto. Wengi hudhani wamekosa nguvu kumbe ni hapo. Siku mkija Nakuru mtaona zinakata mapema kuliko huko kwenu. Tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ninyi 1,100 na kitu, na hewa yetu ni nyepesi.

Jirani wa Ziwa

Mama Wawili, mnacheza saa ngapi? Kama ni alasiri, upepo wa ziwani unawasumbua. Ukirusha kuelekea ziwa upepo unaigeuza diski kulia na kuiinua, ukilipa ziwa mgongo inaanguka upesi. Nendeni saa moja asubuhi, hewa ikiwa imetulia, mjifunze kwanza diski yenyewe inavyokwenda. Alasiri mtaizoea baadaye. Mkisikia radi, tokeni uwanjani, msingoje mvua ianze.

Mwalimu wa Michezo, Kakamega

Kuhusu kijia, kupaza sauti hakutoshi. Mama aliyebeba kapu la mboga kichwani hajui mnacheza nini, wala hapaswi kukwepa. Waombe vijana wahamishe alama ya kuanzia ili mrushe sambamba na kijia, msikivuke. Mpaka wahamishe, mmoja asimame pale kijiani, na asiporuhusu kwa mkono hakuna kurusha. Mpita njia apite kwanza, hata akiwa mbali. Mimi kwa hilo sibembelezi mtu.

Kwa huyo mdogo, frisbi ya kawaida inatosha kwa sasa.

Fundi wa Kondele

Mwalimu, kwa heshima, hapo kwenye frisbi nina neno. Ile ya mchezo wa timu ina upana wa sentimita 27, ya gofu ni 21 hivi. Ile pana hugonga minyororo na kurudi nje, mtoto akakata tamaa bure. Mimi nimechomelea vikapu kadhaa. Mdomo wa kikapu uwe sentimita 82 hivi kutoka ardhini, na minyororo ining'inie huru, kwa sababu kazi yake ni kuua mwendo wa diski. Uwanja wa gofu ya diski wa Oak Grove kule California, mwaka 1975, ulianza na nguzo tupu. Kikapu cha minyororo alikibuni Ed Headrick baadaye.

Mwalimu wa Michezo, Kakamega

Nimekusikia fundi. Hilo la upana sikulijua.

Mama Wawili (Kisumu)

Asanteni sana. Jumamosi tulifika saa moja kasoro. Nililenga mti ulio kulia kwa kikapu cha kwanza, bila nguvu, diski ikazunguka ikarudi hatua tatu kutoka kikapuni. Mwanangu mdogo alipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuangalia. Vijana wamekubali kuhamisha alama ya kikapu cha nne, na kabla hawajahamisha tunakiruka. Fundi, minyororo ya kikapu cha pili imefungwa kwa waya chini, diski zinadunda. Nitakuandikia pembeni uniambie waya ule nikate au nifungue.