Tupeane uzoefu: mwili wako una mdundo gani?

Wakuu, habari zenu. Natembea kwa gongo moja. Gongo linagonga, mguu wa kushoto unakanyaga, wa kulia unaburuta: ko, ta, shhh. Miaka yote nilikuwa najitahidi kuuficha ule mburuto. Juzijuzi nikafunga kinasa sauti kwenye gongo, nikapita kwenye korido tupu, kisha nikachukua kipande cha sekunde 9 nikakizungusha kwenye kompyuta kijirudierudie. Kwanza niliyapanga mapigo yaende sawa na metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo. Ikawa ngoma ya kawaida tu, haina mtu ndani. Nikafuta, nikarudisha mwendo wangu na mburuto wake.

Wenye ulemavu mnaochezea sauti, leteni visa. Wasio na ulemavu karibuni pia, ila pole zenu ziacheni mlangoni.

Kigugumizi:
Jina langu linajieleza. Alvin Lucier, mtunzi wa Marekani, naye alikuwa na kigugumizi. Mwaka 1969 alijirekodi akisema maneno machache, akaicheza rekodi chumbani huku akiirekodi upya, kisha hiyo mpya akaifanya vilevile, tena na tena, mpaka maneno yakayeyuka ukabaki mlio wa chumba chenyewe. Katika maneno hayohayo anasema kazi ile kwake ni namna ya kulainisha hitilafu za usemi wake.

Nikajaribu bafuni kwa simu mbili. Nilitaka kulainika, sikatai! Kufika mara ya kumi hivi hakuna neno hata moja linaloshikika, ni milio tu inayoelea. Lakini pale nilipokwama kwenye "m-m-m" pamebaki vilevile, mawimbi matatu na kimya kirefu. Maneno yalitangulia kufa, kigugumizi kikabaki kinaimba. Nilicheka peke yangu hadi nikagongewa mlango.

Pekupeku:
Mimi ni kiziwi tangu mdogo. Jina nimemwibia Evelyn Glennie, mpiga ngoma wa Uskoti ambaye usikivu wake ulikuwa umepotea kwa kiasi kikubwa alipofika miaka 12. Hupiga bila viatu ili aupate mtetemo. Ngozi ina mipaka yake: inahisi vizuri zaidi karibu na herzi 250, yaani mitetemo 250 kwa sekunde, na ukikaribia 1000 hupati kitu. Kwa hiyo filimbi kwangu ni mtu anayepuliza fimbo. Natunga kwa besi, nimekaa kwenye boksi la mbao lenye spika ndani.

Kwenye onyesho moja fundi mitambo aliipunguza besi katikati ya kazi, eti watu wa mbele wanaumia kifua. Hakuniambia. Boksi likafa chini yangu.

Mwanzisha mada:
Duh! Ukafanyaje, mkuu?

Pekupeku:
Nilishuka nikaenda kukumbatia spika kubwa ya ukumbi. Watu wakadhani ni sehemu ya onyesho, wakapiga makofi.

Dada wa Kwanza:
Mdogo wangu anamudu kusogeza kichwa tu. Anatumia AUMI, programu ambayo mtunzi wa Marekani Pauline Oliveros na wenzake walianza kuitengeneza mwaka 2007: kamera inafuata mwendo, mwendo unatoa sauti. Mwanzoni nilikuwa namwambia "sasa!" kila nikiona kachelewa. Akawa anaacha kabisa, ananiangalia. Siku niliyonyamaza ndipo nikagundua anasubiri sauti ya kwanza iishe kabisa, hadi ule mkia wake wa mwisho, ndipo alete nyingine. Sasa mimi ndiye ninayemfuata kwa ngoma, na bado namuwahi.

Sioni Ila Nasoma:
Kila nikiingia mahali na fimbo nyeupe naulizwa napiga chombo gani. Jamani, sipigi chochote. Hata makofi napiga nje ya pigo. Nimekuja kusoma tu.

Mwanzisha mada:
Hayohayo makofi. Yarekodi uyalete.

Sioni Ila Nasoma:
Nyie watu!