Programu huria za ramani na "kufuata kiwango": mashamba ya Newala yametupwa Atlantiki

Wakuu, nipo Newala na leo sina lugha laini.

Tumezunguka mikorosho ya wanachama wa kikundi chetu na GPS, kona kwa kona, mzee yuko nyuma anakukosoa: "Hapana mwanangu, mpaka ni ule uliopigwa panga." Data ikapatikana safi. Nikaitoa kwenye programu moja huria, nikaiingiza kwenye nyingine, huria vilevile. Zote zinajinadi kwamba zinafuata kiwango cha OGC, shirika la kimataifa la viwango vya data za ramani. Nafungua ramani, mashamba yote yako baharini, magharibi ya Ureno! Wareno waliivamia Kilwa mwaka 1505, naona safari hii wamefuata korosho.

Sababu yenyewe inaudhi: programu moja inaanza na latitudo, nyingine na longitudo, namba zikabadilishana nafasi. Newala ni kama 10.9 kusini, 39.3 mashariki. Kwenye EPSG, orodha ya mifumo ya kutaja mahali kwa namba, mfumo namba 4326 unatanguliza latitudo. GeoJSON, aina ya faili la data za ramani, kwa waraka RFC 7946 wa mwaka 2016, inatanguliza longitudo. Hata WMS, kiwango cha kuomba picha za ramani mtandaoni, peke yake haielewani: toleo 1.1.1 lilianza na longitudo, 1.3.0 likageuza. Sasa programu ikikwambia "nafuata kiwango", muulize kipi! Hii ni kangomba tupu, ule ununuzi wa korosho kwa vipimo visivyo rasmi: kila mnunuzi ana bakuli lake na wote wanaliita kilo.

Hilo la Ureno angalau unaliona kwa macho. Linalonichoma ni hili la pili. Chini ya matawi GPS inayumba, mstari wa mpaka unajikata, shamba linakuwa na umbo la namba 8. ISO 19125, kiwango cha maumbo ya ramani, inasema poligoni (umbo la shamba lililofungwa kwa mistari) ya hivyo ni batili, basi, inaishia hapo. Namna ya kuitengeneza haisemi. Kwa hiyo programu moja inakupa vipande viwili, halafu jedwali la poligoni moja moja linavikataa. Ukitumia ule ujanja wa bafa sifuri unaosifiwa kila kona, yaani kuiambia programu itanue umbo kwa mita sifuri ili ilichore upya, kipande kimoja kinaweza kufutwa kimyakimya. Hakuna onyo wala ujumbe mwekundu. Shamba la bibi mmoja limebaki nusu, na kikundini salfa tunagawa kwa ukubwa wa shamba. Nani ataenda kumweleza bibi habari za bafa?

Mwelekeo wa mzunguko wa poligoni, yaani kona ziorodheshwe kufuata saa au kinyume chake (faili za shapefile huku, GeoJSON kule), siugusi, nitapasuka.

Najua wengi wanaoziandika wanajitolea, na bila wao tungelipia leseni tusizoziweza. Nawaheshimu. Lakini kuandika ukurasa wa mbele toleo gani la kiwango, namba ipi inatangulia, na poligoni batili inafanywa nini, hakuhitaji mfadhili.

Mwenye njia ya kutengeneza maumbo ya nane bila kupoteza eneo aweke amri hapa, nina mashamba ya Tandahimba yanasubiri. Wa "kasome nyaraka" mpite kushoto.